Sarafu Kwenye Mguu wa Mzee Shemweta

Barua ilifika karakanani kwetu Tanga siku ya Alhamisi. Gogo lilikuwa limeangukia mguu wa bandia wa Mzee Shemweta wa Gare, na plamu zake zimeiva. Je, mguu ungestahimili kikapu hadi soko la Jumamosi? Mguu huo nilikuwa nimeutengeneza mwenyewe, kwa tabaka za kitambaa cha nyuzi za kioo zilizoshonwa pamoja kisha zikagandishwa kwa gundi. Kesho yake nikapanda basi la alfajiri.

Saa nne, Mombo. Kutoka hapo ni kona juu ya kona kupanda milima, masikio yakiziba.

Saa nane, Gare.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Tumekuandalia."

Nilidhani chakula. Ukaletwa mguu, umepakwa rangi ya kahawia, unang'aa, hauna hata mbonyeo.

"Mgeni haonyeshwi kitu kilichobonyea," alisema mzee. "Na siku hizi rangi zimejaa madukani."

Nilitoa sarafu, nikaanza kugonga.

"Unabisha hodi?" aliuliza mkewe, Mama Zaina.

"Ndiyo, mama. Palipo pazima panaitika. Tabaka zilipoachana, sauti inakuwa butu."

Nilizungushia chaki sehemu iliyo butu. Ilikuwa ndogo kuliko kiganja, nayo iliishia kwenye mstari wa mshono. Nyuzi zilikuwa zimezuia ufa usienee. Mzee ana uzito wa madebe manne ya viazi, kikapu chake mawili. Nilikadiria mguu utalia kwa kupasuka kwenye debe la saba, nikatangaza hivyo kwa sauti.

Tukausimamisha, tukaweka ubao juu, tukapakia madebe. La tano, kimya. La sita, mguu ukalia: kaa!

Nilikwangua rangi. Chini yake, saruji.

"Tulisawazisha kidogo tu," alisema Mama Zaina.

Kumbe saruji ndiyo iliyokuwa ikiitikia sarafu yangu.

"Basi ni nusu kikapu, mzee, mpaka nilete mguu mwingine."

"Na nusu nyingine ioze?"

Mama Zaina alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni. "Tangu mwaka jana namwambia nimsaidie, anasema wageni watamcheka. Haya, mgeni kashaona!"

Jumamosi asubuhi tuliteremka sokoni Lushoto. Nilitembea nyuma yao nikitega sikio. Mguu haukulia, nilichosikia ni wao wawili wakibishana nani kabeba nusu kubwa.

Jumatatu, Tanga, kabla sijachanganya gundi ya mguu mpya, niliandika ukutani kwa chaki: Kabla ya kugonga, kwangua rangi.