Nyumba ya Mlango Mmoja

Amefariki yule mzee wa Ipinda ambaye nimewahi kuwatajia katika ukurasa huu, yule aliyekuwa akinibishia kila jambo, kuanzia dalili za mvua mpaka namna ya kuchoma samaki. Habari ilinikuta shuleni, wanafunzi wakiwa bado wanafagia uwanja. Mpwa wake alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika kichwani, akanisalimu kwa lugha yetu, "Mugonile, mwalimu," kisha akasema, "Mzee ametutoka." Nikamwuliza amefia chumbani kwake? Akatazama chini. Hapana, akasema, amefia kule kule nje. Kifua ndicho kilichomwua, na kifua alikipata katika kibanda cha majani ya migomba, nyuma ya nyumba ya matofali yenye bati ambayo serikali ilimpa bure. Nimeandika kuhusu vifo vingi tangu nianze kazi hii, lakini hiki kimenikaa kooni, nami sioni sababu ya kukimeza kimya kimya.

Wasomaji walio mbali na huku hawana budi kujua nyumba zile zilitoka wapi. Mwaka ule mto ulipoacha njia yake na kupita katikati ya makazi, ulichukua nyumba za mianzi, ng'ombe, mpunga uliokuwa umeanza kuzaa, na watu pia. Mke wa mzee huyu alikuwa miongoni mwao. Serikali, na hapa nitasema haki yake, haikukaa ikitazama. Ilitoa mali. Matofali yalichomwa hapa hapa, bati likaja kwa meli likabebwa vichwani kutoka ufukweni, mafundi wakaletwa, na kabla ya mvua nyingine kuanza palikuwa na mstari wa nyumba mpya mahali pa juu ambapo maji hayafiki. Fedha ilikuwa ile ile ya kodi ya nyumba tuliyolipa sisi wenyewe, na wapo walionong'ona hivyo, lakini mimi nilifurahi. Si kila siku kodi inarudi kwa mlipaji ikiwa na paa juu yake. Nilisimama siku ya kufungua nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Na mzee alifurahi kuliko sote. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupeleka jina lake, wakati wenzake wakiogopa kwamba nyumba ya bure ni mtego wa kupelekwa barabarani kufanya kazi ya lazima. Nilipomtembelea mara ya kwanza alinipokea nje, akanizungusha nyumba nzima kama mtu anayeuza ng'ombe. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaniambia nami nigonge. "Sikia," akasema. "Mianzi inalia, hii hailii. Mto ukija hapa utapiga kichwa chake utarudi." Nikamtania kwamba sasa amekuwa bwana mkubwa, amebakiza koti na kofia tu. Akacheka, akasema kofia hataki kwa sababu itamficha mvi, na mvi zake amezipata kwa taabu. Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mtu wa kuchukia mapya. Nasisitiza hilo kwa sababu nimesikia mengine yakisemwa baada ya kifo chake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kwetu huku, mwanamke aliyeolewa hamwoni baba wa mumewe. Sisemi hamheshimu au hamzoei. Nasema hamwoni kwa macho, wala yeye hamwoni. Akimsikia anakuja, anapita kichakani au anajifunika nguo kichwani na kugeuka. Jina lake halitamki. Ndiyo maana tangu zamani vijana wetu wa rika moja wakishakua hutoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao peke yao, wazee wakabaki katika kijiji chao. Mgeni akipita huona vijiji viwili vimekaribiana akadhani watu wamegombana. Hawakugombana. Wamewekeana nafasi ili kila mmoja apite barabarani bila kumtia mwenzake aibu. Mpango wote wa makazi yetu, wapi nyumba ikae na mlango utazame wapi, umetokana na jambo hilo moja.

Aliyepanga nyumba za serikali hakuuliza. Alihesabu familia kama zinavyohesabiwa kwao: baba, mwana, mke wa mwana, mtoto, akawapa nyumba moja yenye vyumba viwili na mlango mmoja. Mwana wa mzee alikuwa mpagazi, mara nyingi yuko safarini. Kwa hiyo ndani ya kuta zile nzuri walibaki mzee na mkamwana wake, binti aliyekuwa ndiyo kwanza amejifungua. Mzee akikaa chumba cha mbele, binti hana pa kutokea kwenda kisimani. Akikaa nje mlangoni, vivyo hivyo. Walijaribu kila namna. Mzee alikuwa akirudi anaimba kwa sauti kutoka mbali, naye sauti ya kuimba Mungu hakumpa, mpaka majirani wakamlalamikia. Binti akawa anashinda amejifunika nguo kichwani, akipika hivyo, akinyonyesha hivyo, katika joto la bati ambalo nyie mnaokaa chini ya nyasi hamlijui. Siku moja alijikwaa akaangukia chungu cha maji ya moto, akaungua mkono. Mtoto aliponea chupuchupu.

Baada ya hapo mzee alikuja kwangu. Alitaka twende pamoja kwa bwana wa majengo, Mzungu aliyesimamia nyumba zile, nimsaidie maneno. Tulimkuta anakunywa kahawa. Tukaambiwa tungoje nje mpaka avae koti lake, maana hapokei watu akiwa na shati tupu. Tukangoja. Alipotoka mzee alimsifia nyumba kwanza, kwa urefu, kama ilivyo adabu. Kisha akasema, "Bwana, naomba mlango wa pili, upande wa nyuma. Nitautoboa mwenyewe. Mbao nitatafuta mwenyewe. Wewe nipe ruhusa tu." Nilieleza sababu kadiri nilivyoweza. Bwana yule hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza, akacheka, akasema, "Mwambie mzee kwamba huyo mwanamke hang'ati." Akaendelea kusema kwamba nyumba zote zimetoka katika mchoro mmoja, kwamba akimruhusu mmoja kila mtu atataka kutoboa lake, na kwamba serikali imetumia mali nyingi ili watu waishi vizuri, si ili waendelee na mambo ya kale. Karani wake akaongeza, bila kutumwa, kwamba anayebomoa ukuta wa serikali atalala kifudifudi apigwe kiboko.

Mzee naye alicheka pale mbele ya bwana, kwa heshima. Tukatembea mpaka njia panda. Nikamshauri abaki ndani, binti arudi kwa mama yake. Akanitazama kana kwamba nimesema upuuzi, na kweli nilikuwa nimesema upuuzi, kwa kuwa kwa mama yake ndiko mto ulikopita. "Nitatoka mimi," akasema. "Yeye ana mtoto." Nikamwambia wewe una miaka. Akanijibu, "Miaka hainyonyi, mwalimu." Tukaachana hapo. Angetaka kujenga nyumba nyingine ya mianzi, angeweza; mikono yake ilikuwa bado na nguvu. Lakini karibu na mstari ule nyumba za nyasi zilikuwa zimekatazwa kwa kuogopa moto, na mbali na hapo nyumba mpya ilikuwa kodi mpya ambayo hakuwa nayo. Wenzake wa rika, ambao zamani angekaa nao, maji yalikuwa yamewatawanya. Hivyo alikata majani ya migomba, akainamisha miti michache, akalala chini yake. Askari walipopita kukagua usafi walikisukuma kibanda kwa mguu kikaanguka. Wakiondoka, mzee akakisimamisha. Wakirudi, wakakiangusha. Kwa sababu hiyo kibanda chake hakikuzeeka hata siku moja, na kila mara kilikuwa kinavuja mahali papya.

Nimesikia vijana wetu waliosoma wakisema barazani kwamba mzee amekufa kwa ushamba wake. Nyumba alikuwa nayo, wanasema, kilichomzuia kulala ndani ni nini? Maneno haya yananitia hasira na sitaificha. Mtu aliyetungojesha juani ili avae koti alikuwa anafuata nini kama si desturi ya kwao? Hakuna aliyemwita mshamba. Hakuna aliyemwambia kwamba macho yetu hayang'ati. Mimi mwenyewe ni Mkristo, na mchungaji wetu alipoulizwa kama desturi ile ni dhambi alikuna kichwa akasema hajaona mahali imeandikwa hivyo. Mzee alikuwa na njia mbili tu: kumwaibisha binti kila siku mbele ya macho yake, au kulowa. Alichagua kulowa. Ukiniambia huo ni ujinga nitakuomba unitajie jambo moja ambalo lingekufanya wewe ulale mvuani kwa ajili ya mke wa mwanao.

Yaliyotokea siku za mwisho nilielezwa na binti mwenyewe. Mimi si mkwe wake, hivyo aliweza kukaa nami na kusema. Kila jioni alikuwa akiweka chakula kizingitini, anagonga chungu kwa mwiko, kisha anaingia ndani na kufunga. Mzee anakuja, anachukua, anauambia ukuta "Ndaga", yaani asante, anaondoka. "Jioni ile niligonga hakuja," akaniambia. "Nikagonga tena. Nikaita majirani. Mvua ilikuwa inapiga bati, mwalimu, mimi mwenyewe sikujisikia. Nyumba zote mvua inapiga bati, nani atanisikia?" Nikamwuliza alifanya nini. Akasema alifika mlangoni, akarudi, akafika tena. Kulipopambazuka, mvua ikiwa imepungua, alijifunika kitenge kichwani mpaka kifuani, akatoka akienda kinyumenyume, akipapasa migomba kwa mkono wake uliokuwa na kovu. Alipohisi majani ya kibanda mgongoni alisimama. "Nikasema, 'Tata, mpo?' Sikuwahi kumwita baba wala kumsemesha tangu niolewe. Nikasema tena, 'Tata, chakula kimelala, nimewaletea kingine.' Nikangoja anifukuze." Wanawake waliokuwa wakienda mtoni ndio waliomkuta binti pale, amesimama amekipa kibanda mgongo, anaongea peke yake.

Nilifika mchana. Wanaume walikuwa wamekwisha mwingiza mzee ndani ya nyumba ili aliliwe kama inavyostahili, wamemlaza chumba cha mbele, kwenye ukuta ule asiochoka kuugonga. Mlango ni ule ule mmoja. Kwa kuwa yeye yumo, binti alilazimika kutoka. Nilizunguka nyuma kumpa pole nikamkuta ameketi katika kibanda cha majani, mtoto kifuani, maji yakimdondokea begani, nguo imefunika uso. Nilimwambia asogee chini ya ukingo wa bati. Akasema pale ndipo wanapopita waombolezaji na mlango uko wazi. Basi nikavua koti langu nikawafunika, yeye na mtoto.

Wakati tunatoka makaburini bwana wa majengo alipita na watu wake wa kupima. Alisimama, akavua kofia, akasema anasikitika, na naamini alisikitika. Aliniuliza mzee alikuwa anaumwa nini. Nikamwambia alikuwa anaumwa mlango. Alidhani Kiswahili changu kimeteleza, nikamwelezea tena, polepole, na safari hii hakucheka. Aligeuka akatazama mstari wa nyumba zake. Kisha akasema mchoro umekwisha pitishwa huko juu, na fedha ya mstari wa pili imekwisha kutolewa, na jambo hilo sasa haliko mikononi mwake.

Sitaki serikali iache kujenga. Wanaodhani naandika ili watu warudi kwenye bonde la mafuriko hawajanielewa. Naomba iendelee kujenga, na itumie zaidi ikiweza, maana watu wanaolala kwenye matope bado ni wengi. Ninachokiomba hakina gharama hata ya tofali moja: kabla kamba ya kupimia haijavutwa, mtu akaketi na wale watakaolala ndani, awaulize nani anaishi na nani, na nani hapaswi kuonana na nani. Fedha ikitumika bila swali hilo inajenga nyumba ya kutazamwa na wapita njia, na wenyewe wanakufa nje yake. Nimepita leo kwenye mstari wa pili. Misingi imekwisha chimbwa, na nilizunguka kila msingi nikitafuta nafasi iliyoachwa upande wa nyuma. Hakuna hata mmoja ulioachiwa. Familia zitahamia kabla ya mvua, na miongoni mwao nimewahesabu wazee ninaowafahamu, nikamsalimia kila mmoja kwa muda mrefu kuliko kawaida.