Jina Lililotajwa Kasulo

Nuru alikuwa fundi wa kushona huko Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, mzaliwa wa familia ya wasafirishaji waliotoka Kasongo zamani. Redio moja ya mtaani ilipotafuta watu ishirini na mmoja wa kufundishwa kutengeneza habari kwa simu, wateja wake ndio waliomsukuma ajiandikishe. Walisema mtu akienda kwake kupimwa gauni hujikuta ameshamwambia mambo yote ya nyumbani.

Mwalimu wao, mzee waliyemwita tata Lukusa, aliwagawa watatu watatu. Sadrack alishika simu na kupiga picha, Odile akashughulikia sauti, na Nuru akapewa kazi ya kuuliza.

"Ukishauliza, nyamaza," tata Lukusa aliwaambia. "Mutu mwenyewe ataendelea."

Kwa kazi ya mwisho Nuru aliwapeleka wenzake mtaa wa Kasulo, kwa mteja wake mama Brigitte, mjane ambaye sakafu yake ilikuwa imepasuka kutoka mlangoni hadi ukutani. Wachimbaji wa madini ya kobalti walikuwa wamechimba hadi chini ya nyumba yake. Nuru aliuliza hali ilivyo, kisha akanyamaza kama alivyofundishwa. Mama Brigitte alitazama ule ufa.

"Mi nikilala, nabasikia chini ya kitanda," alisema. "Banakohoa. Na shimo ni ya Gael, ndugu ya bwana yangu."

Nuru alisisimka. Alijua wamepata habari.

Siku hiyohiyo saa tisa alasiri mama Brigitte akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Aliomba jina la Gael liondolewe kwenye video, kwa sababu nyumba ilikuwa ya marehemu mumewe, na Gael ndiye mwenye neno katika ukoo. Nuru akamwahidi litaondolewa. Hakuona ugumu wowote. Ilikuwa kukata sekunde chache tu.

Lakini Sadrack alikuwa ameshamaliza kuunganisha picha mchana, na ameshaiweka video kwenye kikundi cha WhatsApp cha mafunzo ili wenzao waitazame. Alipoambiwa, aliifuta palepale. Odile akawaandikia wote mmoja mmoja, akiwasihi wasiitume popote. Wengi walijibu kwamba hawajaituma. Jumapili ikachezwa sokoni, kwenye simu ya muuza samaki ambaye Nuru hakumjua hata kwa sura.

Jumatatu walikwenda Kasulo wote watatu, bila kujua watasema nini. Gael alikuwa juu ya nyumba na vijana wawili, wakifungua mabati. Hakutukana mtu. Aliwaambia kwa upole kwamba nyumba ni ya ndugu yake, na mwanamke anayeanika ukoo barabarani hana cha kudai humo. Majirani walisimama wakitazama. Chifu wa mtaa alikuja, akasema ni mambo ya familia, akaondoka. Sadrack akatoa simu apige picha.

"Hapana piga tena, mutoto yangu," mama Brigitte akamwambia.

Sadrack akairudisha mfukoni. Nuru hakupata la kufanya ila kupiga magoti na kukunja nguo za yule mama, nyingi zikiwa alizomshonea yeye mwenyewe.

Kaka yake Nuru, aliyekuwa na lori la kubeba unga, alikubali kumfikisha mama Brigitte mjini Lubudi, kwa dada yake. Wakati wa kupanda, Nuru alianza kuomba msamaha.

"Mi sina hasira na weye," mama Brigitte alisema. "Uliniuliza muzuri. Hakuna mutu alishaniulizaka."

Nuru angependelea atukanwe.

Wiki hiyohiyo tata Lukusa alitangaza kwamba mahojiano ya kundi lao yalikuwa bora kuliko yote. Nuru alimweleza yaliyotokea. Mzee alivua miwani, akaifuta, akasema angepaswa kuwafundisha mapema kuhusu kuficha majina. Kisha akampa cheti. Nuru alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akarudi kukaa kwenye nafasi yake kati ya Odile na Sadrack.