Doa la Mawese Kifuani

Nilikasirika. Kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba nilipokea maoni ya mwalimu kwa utulivu wa mama mtu mzima mwenye akili zake, lakini huo ulikuwa uongo.

Nilikuwa mwanafunzi mzee kuliko wote katika darasa la sanaa chuoni, na kazi yangu ya mwisho ilikuwa kitabu cha picha cha watoto, kuhusu shangazi yangu wa kijijini Ilagala, kando ya ziwa, anayekamua mawese. Picha nilizitengeneza kwa kubandika vipande vya karatasi na nguo. Ziwa nililipata kwa kugandamiza kipande cha wavu kilichopakwa rangi kwenye karatasi. Gauni la shangazi nililikata kutoka kitenge chake chakavu, doa la mawese likiwa palepale kifuani.

"Mama, hilo doa ni uchafu," alisema mwalimu, kijana ambaye ningeweza kumzaa. "Watoto wanapenda vitu visafi. Lifunike, la sivyo sikupitishi."

Nikalifunika kwa karatasi ya kijani, mimi mwanamapinduzi wa maneno matupu. Nikamtumia shangazi picha, nikitarajia sifa. Akapiga simu papo hapo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Huyu mwanamke ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi? Nimekamua mawese tangu asubuhi, nguo haina hata tone? Huyo ni mgeni, kaja kupiga picha! Mwambie mwalimu wako aje akamue na shati lake jeupe, tuone."

"Atanifelisha, shangazi."

"Feli basi. Ila usinivalishe nguo ya mtu asiyefanya kazi."

Alikuwa bado ananisema nilipoanza kuibandua ile karatasi kwa ukucha.