Usimwambie Mama ni Kibaridi Kidogo

Ipo Alhamisi moja ya mwanzoni mwa Juni, mwanangu, ambayo hunirudia kila majira haya yakifika. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka Tanga nikapitia Tete na Harare mpaka hapa Johannesburg. Si kwa njaa. Nina miguu isiyotulia, na mpaka leo nikisikia basi linanguruma natamani kuuliza linakwenda wapi. Lakini mwaka ule nilikuwa nimetulia kidogo. Mimi na mke wangu Zuhura tulipanga chumba cha uani mtaa wa Malvern, karibu na Jules Street, na tulikuwa na mtoto wetu wa kwanza, Rehema, ambaye Jumamosi ile angetimiza arobaini.

Wewe uliyezaliwa huku labda hujui arobaini ni nini. Kwetu mtoto na mama yake hukaa ndani siku arobaini. Siku hiyo ikifika, mtoto hunyolewa nywele alizotoka nazo tumboni, hupakwa mafuta ya nazi, kisha hutolewa nje aione dunia. Mama yangu alikuwa amenipigia simu kutoka Tanga mara nyingi kunikumbusha. Mafuta hayo aliyakamua mwenyewe, akatia chupa moja, akampa mtu aliyekuwa anapanda basi, ikanifikia ikiwa imefungwa kwa khanga.

Basi Alhamisi ile jua lilikuwa zuri hata nikavua sweta. Zuhura alikuwa ananyonyesha, redio iko dirishani. Mtangazaji akasema baridi imeingia Cape kutoka baharini, inapanda Free State, na Ijumaa usiku itafika kwetu. Mvua ya mfululizo mpaka Jumatatu, upepo wa kusini, theluji kwenye milima ya Lesotho. Akawaonya wafugaji waingize kondoo wao ndani.

"Umesikia?" Zuhura akaniuliza.

"Winter ya Joburg hainyeshi," nikamjibu. Nilikuwa nimekaa huku miaka mitatu, na mtu wa miaka mitatu ndiye anayejua kila kitu. "Tazama jua hilo."

"Kondoo mwenye manyoya yake anaambiwa aingizwe ndani, na mimi wangu nimtoe nikamnyoe?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Rehema alizaliwa mdogo, na wiki ile alikuwa na kikohozi kidogo kilichomkosesha mama yake usingizi.

Jioni nikampigia mama. Nilikusudia kumwambia tusogeze shughuli mbele. Lakini aliposema, "Nimeshawaambia majirani, Jumamosi tunasoma dua huku nanyi mnanyoa huko," nikaliacha neno langu. Akauliza hali ya hewa. Nikamjibu kama nilivyomjibu siku zote tangu nifike: "Kuzuri tu, mama. Kibaridi kidogo."

Ijumaa usiku ikaja kweli. Si mvua ya kwetu ile ya kumwagika na kwisha. Hii ilikuwa nyembamba, ya pole pole, na bati la chumba chetu likawa linatoa maji kwa ndani kama jasho. Asubuhi ya Jumamosi kidirisha kilikuwa kimefunga ukungu, na ukitia mguu sakafuni unauondoa. Tulikuwa na jiko la umeme la sahani mbili, basi. Ndilo la kupikia na ndilo la kuota. Rehema alikuwa ndani ya blanketi, pua tu inaonekana.

Na bado, ilipokaribia adhuhuri, nikatia maji motoni. Nikatoa wembe mpya kwenye karatasi yake. Zuhura akamkumbatia mtoto zaidi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Nzigire, jirani yetu wa uani, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa akiuza vitenge Jules Street. Alikuja kuomba chumvi. Akauona wembe.

"Papa Rehema, ile ni ya nini?"

Nikamweleza. Arobaini, mama, dua, majirani wa Tanga.

Akaketi kitandani bila kukaribishwa. "Eish! Papa, weye unaogopa mama yako kuliko baridi? Sisi kwetu Bukavu tunajua baridi. Mama yako iko Tanga, anaonaka jua. Mutoto iko Malvern. Utanyoa mutoto wa Malvern na jua ya Tanga?"

"Mama ameagiza..."

"Mais non, hapana! Ye anajua kama huku iko hivi? Ulimwambia?"

Zuhura akanijibia: "Anamwambia kila siku ni kibaridi kidogo."

Mama Nzigire akapiga makofi, akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniuma. "Kidogo! Basi mama hana kosa. Kosa ni ya mwenye kumupa habari. Piga simu. Sasa hivi. Minangoja hapa."

Nikapiga. Mama akapokea kwa furaha, nyuma yake nasikia sufuria na sauti za wanawake. "Haya, mmeshanyoa? Mafuta mmempaka?"

Nikaitazama ile chupa. Ilikuwa kando ya jiko. Nikaipindua, hakikutoka kitu.

"Mama, mafuta yamekuwa jiwe."

"Saa hizi? Hata hapa kipupwe hugandisha mafuta alfajiri, jua likitoka yanayeyuka."

"Ni adhuhuri, mama. Na chupa iko karibu na moto."

Sufuria zikaendelea kulia huko kwake. Kisha akapaza sauti mpaka Mama Nzigire akaisikia kitandani: "Na wewe unataka kumnyoa mjukuu wangu kwenye baridi ya namna hiyo? Una wazimu? Mfunike mtoto! Zuhura yuko wapi? Nipe Zuhura, wewe huna akili!"

Zuhura akachukua simu, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nikamwona akicheka. Mama akamwambia arobaini ni ya kumtakia mtoto uhai, na asiyekuwa na uhai hanyolewi. Huko wakasoma dua yao, wakala pilau yao. Huku tukalala na mtoto katikati yetu siku tatu, Mama Nzigire akituletea uji wa moto. Kikohozi kikapungua, kikaisha.

Katikati ya wiki anga likafunguka, buluu tupu, lile jua la winter lisilo na wingu. Tukamnyolea Rehema uani, penye ukuta wa matofali uliopata moto. Mama Nzigire alimshika kichwa. Mama yangu alikuwa kwenye simu akitoa amri wembe uanzie upande gani.

Tangu hapo kila nikipiga, mama alianza hivi: "Huko leo kukoje? Niambie kweli." Nikawa namwambia kweli: leo barafu imeshika majani, leo vidole havikunjiki. Siku moja, baada ya kumweleza hivyo, akasema taratibu, "Na mimi nikwambie. Paa la jiko letu linavuja tangu masika iliyopita. Nilikuwa nakwambia huku salama ili usisumbuke." Mwanangu, miaka mitatu tulikuwa tunatumiana jua ambalo hakuna aliyekuwa nalo. Mwezi uliofuata nikatuma pesa, fundi akapanda juu ya lile paa.

Kwa hiyo nakuusia. Ukisikia utabiri, jiandae wakati jua bado linawaka, wala usimcheke anayejiandaa. Mila za wazee zishike, ila uzitimize kwa hali ya hewa ya pale ulipo. Na walio mbali wanaokupenda, waambie kukoje kweli. Ukiwaficha, wataamua mambo yako kwa jua la kwao, na kosa litakuwa lako. Waambie, nao watakuambia.

Mungu akupe paa lisilovuja na jirani anayeingia bila hodi siku unapomhitaji. Akuvushe kila baridi uliyoandikiwa, wewe na wanao, mtoke ng'ambo ya pili mkiwa wazima na mkicheka. Amina.