Tone Moja Kabla ya Ugoro

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya watoto njiti, Kilosa, sikushika mtoto. Muuguzi kiongozi, mama mrefu aliyeongea kwa sauti ya chini siku zote, aliniambia ninawe mikono na kutazama. Watoto walilala vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, vichwa vidogo kama machungwa ndani ya kofia za sufu.

"Hawa wamesafiri kabla ya kufungasha," alisema. "Miezi ya mwisho tumboni ndipo mtoto hupata akiba ya madini ya mifupa na vitamini D. Wameondoka mikono mitupu. Sisi tunawatumia mizigo nyuma."

Mzigo mmojawapo ulikuwa kichupa cha matone, tone moja kila siku, kwa miezi, kwa kuwa maziwa ya mama yana vitamini hiyo kidogo sana. Mhudumu wa mapokezi alitucheka. "Kilosa hii, jua linachoma bati, nyie mnagawa dawa ya jua?" Lakini mtoto njiti haoni jua; hufunikwa asipate baridi. Kipimo cha kujua kiwango cha vitamini hiyo katika damu hatukuwa nacho, basi tulitumia vidole: kugusa fuvu, kupapasa mbavu. Mifupa ikiwa laini, kifua huchoka kuvuta hewa.

Baadaye nilihamishiwa kliniki ya watoto Mikumi, kando ya barabara kuu, ambako vumbi la malori lilitua hadi kwenye mizani. Huko alikuja Nashipai, mke wa mfugaji, na mwanawe aliyezaliwa njiti. Ngozi ya mtoto iling'aa. Nilipogusa kisogo, mfupa ulibonyea chini ya kidole, na mbavu zilizama kila alipovuta pumzi.

"Matone anapata?"

"Kila siku. Yameisha."

Yalikuwa yameisha mapema mno. Nikauliza nani anampa. Nashipai akamgeukia mama mkwe wake, aliyekaa nyuma na kopo la ugoro likining'inia shingoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni mimi. Nampaka mwili mzima. Huoni anavyong'aa?"

Dawa ile ilikuwa ya mafuta. Bibi aliinusa akaitambua, na kwake mafuta ya mtoto mchanga hupakwa.

"Hii ni ya kunywa, bibi. Mifupa yake ni laini. Tukiendelea hivi atashindwa kupumua."

"Anywe mafuta? Koo lenyewe kama unyasi. Mjukuu wangu wa kwanza alipaliwa, tukamzika. Wewe ulikuwepo?"

Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, alimpima mtoto, akaandika rufaa ya hospitali, kisha akaninong'oneza: "Usibishane na mwenye nyumba. Mwonyeshe."

Nilichukua kichupa kipya, nikadondosha tone moja kwenye chuchu ya Nashipai. Mtoto akanyonya. Bibi alibana pumzi mpaka alipomwona amemeza salama.

"Haya," alisema. "Lakini kichupa kinakaa kwangu." Akakifunga kando ya kopo. "Ugoro sijawahi kuusahau. Mtoto kwanza, halafu pua yangu."

Hospitali ilimfuatilia, na kidogo kidogo kisogo kikawa kigumu. Tangu hapo sikumwambia mama yeyote asisahau dawa. Nilimuuliza ni nini hasahau kila asubuhi: chai, swala, kukamua. Hapo tukalifunga tone.

Sasa nimestaafu, naishi Magomeni hapa Kilosa. Wauguzi vijana wakija kunisalimu huniambia habari za vipimo vya damu, nami hufurahi. Huwaomba waulize pia nyumbani mafuta anayashika nani.

Wiki yangu ya mwisho kazini bibi alikuja Mikumi, mjukuu akitembea mbele yake kwa miguu iliyonyooka.

"Umenitia taabuni," alisema. "Dawa iliisha zamani, lakini kila nikifungua kopo anakuja amefungua mdomo. Ananikatalia nisinuse. Sasa nimpe nini?"

"Mpe uji, bibi."

"Na ugoro wangu usubiri uji uive?"

"Usubiri."