Geti Moja, Familia Moja

Siku uvumilivu wangu ulipoisha, nilimkalisha mtoto wangu juu ya meza ya mkubwa wa ofisi, katikati ya karatasi zake, nikamwambia amshike kwa hizo dakika ishirini zake.

Nilikuwa nimechelewa kazini tena, mtoto mgongoni. Kitengela ya mwanzo wa miaka ya elfu mbili, ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi na viwili vya kukodisha na mfereji mmoja unaotoa maji kama mtu anayelia kwa aibu. Ukitaka kumwogesha mtoto, kwanza unapanga mtungi kwenye foleni. Kazi yangu ilikuwa kuingiza majibu ya utafiti wa maji kwenye kompyuta, ofisi ndogo huko Kajiado. Mkubwa wetu, mzee wa hapo hapo, hakuniuliza foleni ilikuwaje. Alinionyesha skrini.

"Mama, soma mwenyewe. Karibu familia zote huko kwenu zinapata maji ndani ya dakika ishirini. Wewe hukaa wapi?"

Kwenye skrini kulikuwa na mstari wa grafu. Unaanzia chini na wale wasiongoja maji kabisa, unaongeza wa dakika tano, wa dakika kumi, wa saa nzima, mpaka kila familia imeingia na mstari umefika juu. Wa Kitengela ulipanda kama mbuzi aliyeona mahindi, kisha ukalala. Na ni huo mstari ungeamua bomba jipya lipite wapi. Kwetu, tulioonekana tuna maji, halingepita.

Ndipo mtoto alipopanda meza. Mkubwa alimshika vizuri, lazima niseme. Akamsalimia kwa Kimaasai, "Supa," mtoto akachukua kalamu yake akaitia mdomoni.

Nilienda kwa kijana wa takwimu, aliyekuwa na digrii moja na tai moja.

"Hii mstari yako inadanganya."

"Mstari inakula tu chenye imepewa, sista."

"Na ilipewa nini?"

Tulifungua majibu. Ploti yetu nzima wahoji waliuliza mtu mmoja: mwenye ploti, ambaye yuko na tangi lake juu ya paa na sijawahi kumwona na mtungi. Amri ilikuwa ya mkubwa: geti moja, familia moja. Kwao mkubwa, ukoo mzima ukiishi boma moja, inafaa. Boma zima linateka maji mahali pamoja, na mwenye boma akijibu, amewajibia wote.

"Si uweke uzito basi," nilisema. Yeye mwenyewe alikuwa ametufundisha kwamba familia iliyoulizwa inabeba uzito wa zile inazozisimamia. "Geti letu liko na milango kumi na miwili. Weka kumi na mbili."

Wahoji walikuwa wamehesabu milango kila geti, ila hakuna aliyeitumia hesabu hiyo. Kijana aliiweka kama uzito, programu ikafikiri, mstari ukachorwa upya. Ukapanda haraka kuliko mwanzo.

Nilikodoa macho. Yeye alicheka mpaka tai ikaingia kwenye chai.

"Sista, sasa mko na wenye ploti kumi na wawili. Kila mmoja na tangi yake."

Nilicheka pia, hasira ikiwa pale pale. Tulimwuliza mtu asiyefaa, halafu tukamzidisha.

Mkubwa alisikia kelele, akaja na mtoto mkononi. Kijana akamweleza.

"Lakini tuliingia kwa adabu," mkubwa alisema. "Huwezi kumruka mwenye nyumba uanze kuongea na wapangaji."

"Mkubwa, mwenye boma anajua watu wake wamekunywa nini. Huyu wetu anajua tu tarehe ya kodi."

"Ripoti inaenda Ijumaa, mama. Kama uko na malalamiko, andika."

Alidhani sitaandika. Niliketi hapo hapo, mtoto akiwa bado kwake, nikaandika, na nakala nikapeleka kwa kamati ya maji iliyokuwa ikingoja ripoti:

"Mimi ni karani wa ofisi hii na mpangaji Kitengela. Nalalamika rasmi kwamba katika ploti za kukodisha aliyeulizwa ni mwenye geti, na mwenye geti hangoji maji. Kumpa uzito wa wapangaji wake kunaongeza kosa. Tumejaribu leo tukaona. Naomba wahoji warudi, wamsalimie mwenye ploti kwa heshima yake yote, kisha waingie ndani, wachague mlango mmoja kwa kura na wamwulize anayebeba mtungi. Mlango huo ndio upewe uzito wa milango yote. Ripoti isitumwe kabla ya mstari kuchorwa upya. Naomba jibu kwa maandishi. Anayebisha aje ploti yetu asubuhi, na mtungi wake."