Roketi Iliyokwama Mlangoni mwa Gredi ya Tatu

Kuna aibu ambazo mtu huzizoea, na kuna nyingine ambayo hata ukiikumbuka ukiwa peke yako bafuni unajikuta umefumba macho. Yangu ni hiyo ya pili, na sina wa kumsingizia.

Binti yangu Atieno alikuwa Gredi ya Tatu, shule moja hapa mtaani Umoja. Mwalimu wao, Ticha Wambui, akaandika kwenye grupu ya WhatsApp ya wazazi kwamba Ijumaa darasa lingekuwa na siku ya anga za juu, watoto wametengeneza sayari kwa magazeti na gundi ya unga, kwa hivyo anaomba wazazi wawili waje asubuhi wamsaidie kufunga nyuzi za kuzitundika. Nyuzi tu. Mimi (ambaye tangu mtoto aanze shule sikuwa nimekanyaga huko, kila mkutano anaenda mamake) nikaona hapa ndipo pa kurekebisha mambo yote kwa mpigo mmoja, nikaandika, "Mimi naleta roketi."

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, kibanda changu kiko Shauri Moyo, na mageti niliyotengeneza siwezi kuyahesabu, kwa hivyo roketi ya mabati ambayo mtoto anaingia na kukaa ndani haikunitisha. Mzazi mwenzetu mmoja, Mama Kevo, akauliza, "Baba Atieno, mlango wa darasa umeupima?" Nikamjibu kwa kile kikatuni cha kucheka. Yaani fundi wa milango anaulizwa mambo ya mlango.

Wiki hiyo wateja walinisubiri mpaka wakachoka. Jioni moja Atieno aliniletea sayari yake, Zohali, ile yenye pete, akataka nimwambie kama pete imekaa sawa, nami bila kuinua kichwa nikasema, "Ngoja kidogo, nachora mabawa." Hakuniuliza tena.

Ijumaa tukafika na pikapu ya rafiki yangu, roketi imepakwa rangi ya fedha (haijakauka vizuri, lakini ukiwa mbali hujui), watoto wote wamejazana dirishani. Ticha akatoka, akaizunguka, akasema polepole, "Baba Atieno, hii ni kubwa. Tuiache hapa nje, watoto watatoka kuiona."

Ningekubali hapo, leo nisingekuwa na la kuwaambia. Lakini watoto walikuwa wanapiga makofi, na Atieno alikuwa katikati yao ananichekea vile sijawahi kumwona, nikasema, "Ticha, itaingia."

Tukailaza, mimi na huyo rafiki, ncha ikaingia, tumbo likaingia, halafu mabawa yakagonga fremu. Nikasema tusukume, tukasukuma, ncha ikanasa uzi mkubwa uliovuka darasa, ule ambao Mama Kevo alikuwa ameufunga tangu saa moja akiwa amesimama juu ya kiti, na tulipovuta nyuma vikashuka vyote, jua, dunia, mwezi, vikatapakaa juu ya madawati. Zohali ikaangukia pale mlangoni. Mimi sikuiona. Nilisukuma tena, nikasikia kitu kimepondeka chini ya bati.

Na roketi sasa haiendi wala hairudi. Ndani kuna watoto zaidi ya thelathini, madirisha yana vyuma. Ticha, aliyekuwa amerudi ndani kutusogezea madawati, akaniuliza kupitia kanafasi kalikobaki, "Sasa watoto watatokaje?" Mtoto mmoja akabanwa na mkojo, Mama Kevo akamtafutia ndoo nyuma ya kabati.

Ikabidi rafiki yangu arudi kibandani kuniletea msumeno wa chuma, na kwa saa nzima nikapiga magoti kwenye korido nikikata mabawa yangu mwenyewe, huku madarasa mengine yakija kwa mstari kuona maonyesho na kukuta maonyesho ni mimi. Mwalimu mkuu alisimama amekunja mikono, na ni afadhali angenigombeza. Ndani nikasikia mtoto akiuliza, "Kwani huyo ni babake nani?"

Nikasimamisha msumeno.

"Ni wangu," Atieno akasema, kwa sauti ya mtoto anayekubali kuwa yeye ndiye amevunja glasi.

Roketi ilipotoka, wakati wa anga za juu ulikuwa umeisha, ni saa ya chakula. Ticha aliokota magazeti akayatia kwenye gunia, akaniambia, "Asante kwa kujaribu," maneno ambayo bado yananiwasha. Nikamfuata Atieno, nikamwambia nitamtengenezea Zohali nyingine, ya chuma, isiyovunjika.

"Wacha tu, Baba," akasema. "Ticha alitaka watu wa kufunga nyuzi."

Mabati yale niliezekea banda la kuku la mtu, sikutaka kuyaona tena. Muhula huu Ticha ameandika kwamba kuna siku ya michezo, anaomba wazazi. Nikaanza kuandika ujumbe mrefu kuhusu magoli ya chuma, nikausoma, nikaufuta wote, nikaenda kwa Atieno aliyekuwa mezani na homuwaki.

"Unataka niwasaidie na nini?"

Akatia penseli mdomoni.

"Ukuje tu," akasema. "Ukae na wazazi wengine."

Nimemwahidi. Nitaenda mikono mitupu, nitakaa pale nitakapoonyeshwa, na nikiguswa na wazo lolote nitalikalia.